Slufay ya Mpini wa Fagio

Nianze na aibu yenyewe ili nikae kwa raha. Shirika liliniajiri nijifunze jinsi watu wanavyodanganywa kwa kazi za uongo na kusafirishwa. Kwenye mafunzo nikapewa niigize mdanganyifu, nikaigiza vizuri mno, na kesho yake asubuhi mtu wa kweli akaja nyumbani kwangu na begi, tayari kwa safari.

Sasa turudi nyuma kidogo, msije mkafikiri mimi ni msomi. Wakati mkoa wetu unakatwa kutoka Arusha na kuitwa Manyara, mimi nilikuwa kidato cha pili, na katika kukatwakatwa huko nafikiri na mimi nilikatwa. Mtihani ulinikataa, nikaukataa na mimi, tukaachana kwa amani. Tangu hapo nimelima mahindi na maharage hapa Endasak kama kila mtu, nikaendesha bodaboda, na kwenye harusi ndio mimi ninayeitwa kushika kipaza sauti. Watu wakiniona tu wanaanza kucheka. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kudumu, ila haina mshahara.

Mwaka ule wa ukame ng'ombe walikufa sana, hasa huko chini kuelekea Hirbadaw. Shirika likaja kutaka kujua watu wanaishi vipi, wanakula nini, na nani ameondoka nyumbani na ameondoka na nani. Walitafuta wadadisi, yaani watu wa kupita nyumba kwa nyumba na kishikwambi mkononi wakiuliza maswali. Walitaka waliomaliza kidato cha nne, lakini waliomaliza kidato cha nne wengi wako mjini, na waliobaki hawajui Kiiraqw vizuri. Nikaponea hapo. Na rafiki yangu mmoja, dereva bodaboda mwenzangu, naye akaponea hapo hapo.

Mafunzo yalifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, watoto wakiwa likizo. Tulikaa kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yako masikioni. Mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja kutoka Dar es Salaam, mpole, anavaa sweta mbili kwa baridi yetu. Tulimwita madam. Siku ya kwanza na ya pili zilikuwa za maswali ya chakula na mifugo, hizo tulizimudu. Siku ya tatu akasema leo tunajifunza usafirishaji haramu wa binadamu.

Akatueleza kwamba kuna mtu anakuchukua, kuna uongo au nguvu anayotumia kukuchukua, na kuna faida anayotaka kukutolea jasho. Akataja dalili. Kitambulisho anakaa nacho bosi. Simu hushiki. Huwezi kutoka. Ukiuliza mshahara unaambiwa bado unalipa nauli iliyokuleta. Mmoja wetu akauliza, je, shangazi yangu aliyenichukua nikachunge ng'ombe wake mpaka nikakosa shule, naye ni msafirishaji? Tukacheka. Madam hakucheka. Alisema hilo ni swali zuri, na darasa zima likatulia, kila mtu akihesabu mashangazi zake.

Halafu akatuwekea masharti. Ninyi siyo polisi, alisema. Msiahidi kitu. Msijaribu kumwokoa mtu, mnaweza kumponza. Mkikutana na tatizo, kuna namba ya simu hii hapa, toeni taarifa, basi. Na mtu muulizeni akiwa peke yake, mahali pa faragha. Hapo nikanyoosha mkono nikamwambia madam, huku kwetu ukimwita mke wa mtu pembeni faragha, takwimu utakazopata ni za fimbo. Watu wakaanguka kwenye madawati. Nafikiri ni pale aliponiona. Akasema, wewe mchangamfu, mchana utaigiza yule anayekuja kuchukua watu.

Mchana darasani kulikuwa na joto la bati, kwa hiyo alitutoa nje, kwenye kivuli cha ukuta. Pembeni ya shule kuna mashine ya kusaga. Watu walikuwa wanatoka na unga, wengine na punda, wakasimama kuangalia. Rafiki yangu ndiye aliyechaguliwa awe mtu anayedanganywa. Akakalishwa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Nikaanza kwa Kiswahili. Habari ndugu, kuna kazi nzuri mahali fulani. Rafiki yangu akajibu kama mtu anayesoma bango. Igizo lilikuwa baya, hata mimi nililisikia ubaya wake. Na mimi jamani, watu wakisimama kuniangalia halafu nikawa mbaya, naumwa. Basi nikahamia Kiiraqw.

Hapo yalikuwa mambo mengine. Nikamsalimia rafiki yangu inavyotakiwa, polepole. Nikauliza ng'ombe kwanza, waliobaki na waliokufa, kila mmoja kwa rangi yake. Nikauliza goti la mama yake. Kazi niliiacha mpaka mwisho, kama kitu nilichokuwa nimekisahau. Nikasema kuna shamba kubwa la mwekezaji, linataka watu wanaojua ng'ombe. Nyumba ya bati. Chakula kipo. Ukiumwa kuna zahanati palepale. Wakati wa mavuno unaruhusiwa kuja nyumbani. Kama yale mashamba ya ngano ya serikali zamani, kabla hayajauzwa. Nilipotaja ngano, nilisikia wazee wa pale kwenye punda wakiguna. Baba zetu walifanya kazi kule. Hakuna mtu hapa ambaye hajasimuliwa juu ya nyumba za bati na zahanati.

Rafiki yangu sasa na yeye akakolea. Akaniuliza, nitaondokaje hivi hivi, bila kuombewa?

Ningesema basi, tumemaliza, madam anapiga makofi, tunakunywa chai. Badala yake nikaokota mpini wa fagio uliokuwa umeegemea ukuta, nikatupia koti begani kama mzee, nikaanza slufay.

Slufay ni ile dua yetu ndefu. Mzee anasimama na fimbo anasema, na watu wanaitikia kila anaposhusha sauti. Anaomba njia iwe laini, miiba iangalie upande mwingine, mvua isimsahau aliyebaki, na aliyeondoka arudi kwa miguu yake mwenyewe. Haifanywi ovyo. Na ikishaanza, huwezi kuisikia ukanyamaza, mdomo unaitikia wenyewe, umeuzoesha tangu mdogo. Wadadisi wenzangu wakaitikia. Nyuma yao, waliotoka mashineni wakaitikia. Niliona wanaume wawili wanavua kofia. Niliona, sisemi sikuona. Nikaendelea mpaka mwisho kwa sababu sauti yangu ilikuwa nzuri siku ile.

Madam alifurahi kweli. Hakuelewa neno hata moja, lakini alisema hivi ndivyo wanavyofanya, wanakuja na lugha yako na heshima yako. Akawageukia watu wa unga akawaeleza kwa Kiswahili kwamba hili ni somo, ni igizo, msidanganyike. Wakatikisa vichwa kwa adabu, wakapakia punda, wakaenda.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakunywa uji nikasikia hodi. Alikuwa kijana mmoja wa kitongoji cha pili, ana mke na watoto wawili wadogo. Ng'ombe wake wote waliisha kwenye ule ukame, akabakiwa na punda wa kuazima. Aliniamkia shikamoo, ingawa tumepishana miaka michache tu, na nikajua ana shida. Begi lake lilikuwa la bluu, limefungwa kwa kamba kwa sababu zipu ilishakufa. Akasema amekuja kwa ile safari.

Nilicheka. Na yeye akacheka, kwa heshima, akasubiri nimalize.

"Mdogo wangu, lile lilikuwa igizo," nikamwambia.

"Najua, kaka. Lakini shamba lenyewe liko wapi?"

Nikamwambia shamba hakuna. Nyumba ya bati hakuna, zahanati hakuna, nilitunga pale pale nimesimama. Akanisikiliza vizuri. Halafu akaniuliza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: kama safari haipo, watu waliitikia nini? Mama yake mzazi alikuwa pale na unga mgongoni, na aliitikia. Slufay haiwezi kufanywa kwa kitu ambacho hakipo. Labda, akasema, nafasi ni chache na nimeogopa kutangaza.

Na mimi ndio huyo, mtu ambaye kijiji kizima kinajua hasemi kweli ila kwa utani. Niliposema uongo nilikuwa na fimbo na dua. Niliposema kweli nilikuwa na kikombe cha uji. Wewe ungeamini yupi?

Nikampakia kwenye pikipiki mpaka kwa rafiki yangu, aape. Rafiki yangu akaapa mpaka akataja makaburi. Kijana akamwangalia, akaniangalia, akasema kwa unyonge kwamba ameelewa sasa, nafasi amepewa huyu aliyeapa, kwa sababu ni rafiki yangu. Akashika begi lake akarudi kwa miguu, hakutaka nimrudishe.

Baada ya hapo akaja mke wake na jogoo. Huyo mama ananiita shemeji, tunaheshimiana. Aliweka jogoo miguu imefungwa mlangoni, akakaa, akauliza habari za nyumbani kwangu zote mpaka zikaisha. Kisha akasema nimsaidie mume wake, haombi mengi. Nikamweleza upya, mara hii bila utani hata kidogo, na najua nilivyokuwa naonekana, maana aliniuliza kama naumwa. Nikamwomba aondoke na jogoo wake. Akakataa. Alisema akimrudisha nyumbani atakuwa ameikata safari ya mume wake kwa mkono wake mwenyewe. Basi jogoo akabaki. Sikuwa na uwezo wa kumchinja, na sikuwa na uwezo wa kumrudisha. Alikuwa na sauti kubwa kuliko jogoo wote niliowahi kusikia.

Nikampigia simu madam, ambaye alikuwa amesharudi Dar es Salaam. Hakunigombeza. Akasema pole sana, jaribu kupitia viongozi, toa elimu. Sawa. Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji, akanipa dakika chache kwenye mkutano wa chanjo ya mifugo. Nikasimama mbele. Sijafungua mdomo, watu wameshaanza kucheka. Nikasema akija mtu na ahadi ya kazi ya mbali, muulizeni maswali. Wakacheka zaidi. Nikasema jamani, sitanii. Mama mmoja akafuta machozi kwa kicheko. Mzee mmoja kwa nyuma akasema nifanye ile ya fagio, yeye siku ile hakuwepo. Yule kijana alikuwa amekaa chini upande wa kushoto, ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri zamu yake.

Halafu pikapu nyeupe ikaja siku ya mnada.

Mimi sikuwepo mnadani, nilikuwa shambani. Rafiki yangu ndiye aliyenipigia, akasema kuna mtu anachukua vijana wa kuchunga kwenye shamba la mbali, na mtu wako amepanda. Niliendesha pikipiki vibaya siku ile. Niliwakuta kwenye njia panda, gari limesimama linapakia maji. Nyuma walikuwa wamekaa vijana kadhaa, na begi la bluu niliona kabla sijamwona mwenyewe.

Nikamsalimia yule mwenye gari. Mtu mzuri tu, msafi, akanisalimia vizuri. Nikauliza shamba liko wapi, akataja mkoa bila kutaja wilaya. Nikauliza hali ikoje kule. Akasema nyumba ni za bati, chakula kipo, mtu akiumwa kuna zahanati, na wakati wa mavuno ruhusa ipo. Maneno yangu yale yale, na alikuwa anaigiza vibaya kuliko mimi.

Nikaenda nyuma ya gari nikamwambia kijana ashuke. Nikamwambia huyu ndiye yule niliyekuwa namwiga. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kaka, si wewe uliyeniombea? Basi usiniharibie tena."

Kuna mtu atasema ningelala mbele ya gurudumu. Nililifikiria. Nilikwenda badala yake kumvuta mtendaji, ambaye alikuwa mnadani akila nyama. Alikuja, akamwuliza kijana kama amelazimishwa, kijana akasema hapana. Mtendaji akanivuta pembeni akaniuliza, mtu mzima, ana kitambulisho, amekubali, anakwenda kutafuta riziki, nimzuie kwa sheria gani, bwana takwimu? Nikaanza kumweleza kwamba kukubali kwa uongo siyo kukubali. Niliikumbuka sentensi ya madam nzima, ikatoka vizuri kabisa. Lakini mtendaji akauliza uongo ni upi, na mimi nilikuwa na nini cha kuonyesha? Nilikuwa najua ni uongo kwa sababu niliutunga. Gari likaondoka. Nilisoma namba yake nikaituma kwenye ile simu ya taarifa. Dada mmoja akanishukuru kwa utaratibu, akasema watafuatilia.

Kazi ya udadisi ikaanza wiki zilizofuata. Nyumba zilichaguliwa huko huko ofisini, siyo na sisi, na nyumba ya yule mama wa jogoo ikatokea kwangu. Nikakaa kwenye kigoda na kishikwambi, nikamwuliza shemeji yangu kama kuna mtu wa kaya aliyeondoka. Akaniangalia. Akasema ndiyo. Nikauliza sababu ya kuondoka, kuna majibu ya kuchagua, tukachagua kutafuta kazi. Hakukuwa na jibu lingine lililomfaa. Mwisho wa maswali kuna maneno ya kumsomea mhojiwa, kumshukuru kwa muda wake. Nikamsomea.

Simu ilikuja mvua zilipoanza. Namba nisiyoijua. Alikuwa yule kijana, anaongea chini chini. Swali lake la kwanza lilikuwa kama huku imenyesha. Nikamwambia imenyesha, mahindi yameota. Akafurahi. Nikamwuliza simu ni ya nani, akasema ya dereva wa maziwa, ameazima. Kitambulisho? Kwa bosi, wanatunza wao. Mshahara? Bado nauli haijaisha. Zahanati? Akacheka kidogo, na kile kicheko ndicho kinachonirudia mpaka leo, kwa sababu kilikuwa kama changu. Nilikuwa najibiwa mafunzo yote ya siku ya tatu, dalili moja baada ya nyingine, kwa mpangilio. Nikamwuliza, uko wapi? Akasema hajui panaitwaje, ni mbali na barabara, kuna upepo mwingi na mlima hakuna. Akasema mwambie mama watoto nipo. Simu ikakatika.

Nikapiga ile namba ya taarifa, nikaeleza. Dada yule yule, au mwingine mwenye sauti kama yake, akauliza wilaya gani. Nikasema pana upepo na hapana mlima. Akasubiri kama kuna kingine. Sikuwa na kingine. Nikampa namba ya yule dereva wa maziwa, na mimi mwenyewe nikaipiga mara nyingi sana, haipatikani.

Nilipompelekea mke wake salamu, nilimwambia mume wake yupo, na nikamwambia na yaliyobaki, sikuficha. Hakulia. Alikuwa anapalilia, akaendelea mpaka mwisho wa mstari, akarudi. Akasema nifanye ile slufay tena, safari hii ya kumrudisha.

Nikamwambia shemeji, mimi siyo mzee, mimi ni mtu wa kuchekesha watu, sina kibali cha kitu kile.

"Siku ile ulikuwa mzee?" akaniuliza.

Nikachukua pikipiki nikateremka mpaka kibandani kwa chai, rafiki yangu alikuwepo, yule wa kwenye ndoo. Nikamwambia yote, mpaka la kwamba yule kijana amefungwa na dua yangu, mimi ndiye niliyempeleka kule. Aliendelea kutafuna andazi lake. Alipomaliza akajifuta mkono kwenye suruali.

"Wewe mzee, usijipe ukubwa," akasema. "Zizi lake lilikuwa tupu kabla hujashika fagio. Kesho twende wote kwa wazee wenyewe, tuwaombe wamfanyie yule mama slufay ya kweli. Wewe utakaa nyuma kabisa, utaitikia tu."